Nafsi ya Kwanza, Umoja

Umeme wa Hale umekatika tangu magharibi.
Nasahihisha kwa mshumaa, Barabara ya Kumi na Tatu,
insha arobaini na moja za Kidato cha Nne,
na mbili nimeziweka kando. Zimenishika shati.
Swali lilikuwa langu mwenyewe:
"Andika kisa cha muuaji, akisimulia muuaji."
Sijui nilitaka nini nilipoliandika ubaoni.

Kilua Semhando kamzika kaka yake ukutani.
Nyumba ya matumbawe, chokaa mbichi;
msimuliaji anapiga lipu huku akihesabu mapigo ya mwiko,
kisha anatuambia, mara nne katika kurasa mbili,
kwamba mkono wake haukutetemeka.
Nikaandika pembeni: "Nani alikuuliza?"
Ukuta wake unatoka jasho kila kaskazi.
Ishara nzuri, ila kaieleza:
"Jasho hili ni dhambi yangu."
Nimemkata alama mbili. Ishara ikishatafsiriwa
ni samaki aliyekwisha kutafunwa na mwingine.
Nimemkata na moja ya uhalisia:
kwa chokaa, harufu haikatiki siku ya tatu.
Ni ya kumi na moja.

Mwanakheri, yeye, hana ukuta. Ana kisima
na kengele ya baiskeli.
Msimuliaji wake ni mpole, avaa miwani,
hupokea salamu za mtaa mzima,
huwapa watoto wa jirani visheti.
Rafiki yake hakurudi kutoka kisimani; akawaambia watu
kapata uhamisho, kapanda basi la alfajiri.
Baiskeli ikabaki imeegemea ukumbini.
Basi. Haelezi kitu.
Usiku kengele inalia mara moja,
kri,
na yule mpole anaamka kuitia mafuta ya nazi.
Miaka tisa, mafuta ya nazi.
Baiskeli inang'aa na hakuna aliyeipanda.

Wa Kilua anajisifu; wa Mwanakheri anajisafisha.
Mmoja anataka tuone alivyo hodari,
mwingine tuone alivyo mwema,
na sijui yupi anatisha zaidi,
au najua.
Wote hawajaulizwa, na wote wanajibu.
Mficha maradhi, walisema wahenga;
yaliyobaki kila mtu anayajua.

Ila binti huyu ana kosa la sarufi.
Ukurasa wa tatu, mstari wa chini,
kasahau kwamba anayesema ndiye mtendaji,
kalamu ikaruka nje ya mtu:
"alimsukuma."
Kiambishi kimepotoka. Silabi moja tu.
Nikapiga mstari mwekundu, nikaandika juu yake
kwa mwandiko wangu wa ubaoni:
"nilimsukuma."

Nikakaa nikiitazama ile "ni".

Nafsi ya kwanza: anayesema.
Nafsi ya pili: anayeambiwa.
Nafsi ya tatu: asiyekuwapo,
anayesemwa tu, asiyeweza kujibu.
Nimefundisha hivyo miaka kumi na sita,
na Mwalimu Chambuso alikuwa akinicheka chumba cha walimu:
nafsi si somo, Mdoe, nafsi ni mzigo.
Alipata uhamisho. Lindi.
Mvua zilikuwa nyingi mwaka ule.
Kisima cha uani nilikifunika zege, kwa ajili ya mbu.

Akina Mwanakheri wanakaa nyumba ya pili;
ua wao na wangu, katikati ni makuti tu,
na makuti yamechakaa.
Nimempa kumi na tisa kwa ishirini.
Hiyo moja nimeizuia, nikaandika chini:
"Njoo tuzungumze kuhusu mwisho."
Nikaifuta. Wino mwekundu haufutiki,
unatanda tu.

Mshumaa umefika kisahanini.
Ukumbini, gizani, mara moja.

Nyanyuka, Mdoe.
Chupa ya mafuta iko palepale.